Yule Anayebaki Tunduni

Vijana wangu wa karakana ya Igoma,

Mlinialika niwaeleze neno "mwenza" lilianzia wapi, kwa sababu mlisikia kwamba mimi ni mmoja wa wazee waliokuwa wakilitumia chelezoni, kule meli zinakopandishwa kutengenezwa, kabla halijafika kwenye fulana zenu. Mliniwekea meza na soda baridi. Msimamizi wenu akashika kipaza sauti akasema, "Wafanyakazi wenza, tumkaribishe mzee wetu Bundala." Nikasimama. Nikaangalia juu ya vichwa vyenu, nikaliona lile tangi la lori la mafuta mlilokuwa mnalitengeneza. Tundu lilikuwa wazi na ndani nyundo ilikuwa inagonga. Nje hapakuwa na mtu.

Nikauliza, "Nani yuko tunduni?"

Mmoja wenu akajibu, "Hamna shida mzee, ni Juma huyo. Kashazoea."

"Sijauliza nani yuko ndani. Nani yuko tunduni?"

"Aaa, mwenza wake kaenda kuchukua chipsi. Anarudi sasa hivi."

Mkacheka, maana mlidhani mzee hasikii vizuri. Mimi nikaenda mpaka kwenye lile tangi, nikagonga bati kwa kiganja mpaka Juma akatoa kichwa, vumbi mpaka kwenye kope. "Shikamoo mzee," akasema. Sikumwitikia, na kwa hilo namwomba radhi, maana kijana hakuwa na kosa. Nilimwambia tu atoke. Alipotoka, nikachukua kofia yangu nikaondoka.

Nasikia baadaye mlisema mzee ana hasira. Ni kweli ninayo. Ninayo miaka mingi, na sikutaka ipoe kabla sijaandika haya. Elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo nitakwenda mbele na kurudi nyuma, mtanivumilia.

Nianze na lile mliloniuliza. Neno hilo lilitoka wapi katika Kiswahili, hilo waulizeni walimu. Mimi najua lilivyoingia katika karakana yetu ya meli pale ufukweni, ambayo sitaitaja jina, na ambayo sasa haipo. Kazi yetu sisi ilikuwa kutu. Meli ikivutwa kupandishwa chelezoni, mafundi wa injini na wa kuchomelea wanashughulika na mambo ya heshima. Sisi tunaingia ndani ya matangi ya chini, yale ya maji ya kuipa meli uzito, tunagonga kutu kwa nyundo na kusugua kwa brashi ya waya, halafu tunapaka rangi. Unaingilia tundu ambalo mtu mnene hapiti. Ndani kuna vyumba vyumba, vimetengwa kwa mbavu za chuma, na kutoka chumba hiki kwenda kile unatambaa kwa tumbo.

Zamani mtu aliyekaa nje tunduni aliitwa msaidizi. Alichaguliwa yeyote aliyekuwa hafai siku hiyo: mwenye mguu unaouma, aliyeamka na pombe ya jana, aliyeajiriwa asubuhi ile. Msaidizi hakuwa anaingia tangini hata siku moja, kwa hiyo hakujua kule ndani kukoje. Siku moja msaidizi wa Mzee Okelo alilala usingizi palepale tunduni, kamba mkononi. Mzee Okelo alikuwa Mjaluo wa Rorya, fundi mkuu wetu wa kutu, mwembamba kama ufito. Alijisikia vibaya kule ndani, akaita, hakujibiwa, akatambaa mwenyewe mpaka nje. Alipotoa kichwa akamkuta kijana anakoroma.

Hakumpiga. Alikwenda ofisini na vumbi lake akasema kuanzia siku ile hataki tena msaidizi. Atakayekaa tunduni asubuhi ndiye atakayeingia tangini mchana, na aliyekuwa ndani atakaa nje. "Anayenishikia kamba nami nitamshikia yake," alisema. "Huyo si msaidizi wangu. Huyo ni mwenza."

Mama Neema aliyekuwa akitupikia chakula alicheka mpaka akaweka upawa chini. "Mwenza? Kwani nyinyi wanaume mmeolewa na mume mmoja?"

"Ndiyo, mama," Mzee Okelo akamjibu. "Mume wetu ni tangi, na zamu ni zamu."

Basi neno likakaa. Sasa oneni lilivyokuwa na akili ndani yake. Halikuwa neno la kupendana. Nimewahi kufanya kazi na mwenza ambaye nje ya karakana hatukusalimiana. Lilikuwa neno la zamu. Nikizembea kukulinda asubuhi, mchana mimi ndiye niko ndani na wewe ndiye umeshika kamba. Mtu hahitaji kuwa malaika ili aifanye kazi hiyo vizuri, anahitaji tu kujua kwamba saa saba ya kubadilishana zamu itafika.

Leo nawasikia mnaitana wenza kwenye kikundi cha simu, watu arobaini. Bosi naye yumo, anawatumia picha za maua asubuhi. Ameandika ukutani kwamba nyinyi ni familia. Hebu mwambieni bosi aingie tangini saa saba. Akikubali, mwiteni mwenza. Akikataa, mwiteni bosi, si tusi, ndiyo kazi yake.

Siku yangu ya kwanza tunduni nilikuwa mwenza wa Mzee Okelo mwenyewe. Alinifundisha kamba. Kamba haifungwi kiunoni, hata kama kiunoni ndiko kunakofungika haraka. Ukimvuta mtu kwa kiuno anajikunja kama shuka, tundu linaziba, na hapo umemwua mara ya pili. Inapita chini ya makwapa na fundo linakaa mgongoni, katikati ya mabega, ili akivutwa kitangulie kichwa. Na kamba hailegezwi ikalala chini. Akienda mbele unampa, akirudi unaikusanya, maana kule ndani kila ubavu wa chuma una kona ya kuing'ang'ania.

Kisha akaingia. Tulikuwa tunagongeana, yeye mara mbili, mimi mara mbili. Baada ya muda akanyamaza. Niligonga, kimya. Niliita, kimya. Jamani, nilikuwa kijana wa Usagara, mchunga ng'ombe, nimezoea kwamba ndama akitumbukia unamfuata. Nikatupa kamba, nikaingiza miguu tunduni nijitose. Mkono ukanishika kifundo cha mguu kutoka ndani. Mzee Okelo alikuwa amekaa hapo hapo chini ya tundu, mzima, ananitazama.

"Haya," akasema. "Sasa tumekufa wawili. Nani atamwambia mke wangu?"

Nilitaka kulia kwa aibu. Akanitoa nje, akanikalisha, akanieleza jambo ambalo nataka mlisome mara mbili. Kutu inakula hewa. Tangi lililofungwa muda mrefu likiwa na unyevu, kutu imekula ile hewa ya kumtosha mtu, na huwezi kuona wala kunusa. Mtu anaingia akitabasamu, anapiga hatua nne, anaanguka. Mwenzake anamwona, anaingia kumwokoa, anaanguka juu yake. Wa tatu vilevile. Kwa hiyo mwenza haingii. Anavuta kamba, anapiga kelele, anaita watu na feni ya kusukuma hewa, anabaki palepale. "Ukinipenda sana," alisema, "usinifuate."

Kazi nyingine ya mwenza ilikuwa kuongea. Hii ndiyo iliyonitesa, maana mimi si msemaji. Lazima uongee muda wote na wa ndani akujibu, kwa sababu hewa ikipungua, ulimi ndio unaotangulia kuonyesha. Ukisikia mtu anajibu polepole, vuta. Ukisikia mtu mkali ameanza kucheka bila sababu, vuta, utamwomba radhi nje. Kugonga tu hakutoshi, mkono unaweza kuendelea kugonga kwa mazoea wakati kichwa kimeshaondoka.

Kwa kuongea ndivyo nilivyompata Projestus. Alikuwa Mhaya wa Muleba, Mkatoliki wa kusali kabla ya kila tangi, mtu wa maneno mengi na suruali iliyopigwa pasi hata akija kugonga kutu. Alipoambiwa mimi ni mwenza wake alishika kichwa. "Mungu wangu, wamenipa Msukuma bubu. Wewe, ongea! Nikifa kwa ukimya wako nitakuandama mpaka Misungwi."

"Niongee nini?"

"Chochote. Nitukane."

Nikaanza na ng'ombe, ndicho nilichokijua. Nilimtajia ng'ombe wa baba mmoja mmoja, rangi yake na tabia yake. Yeye kutoka gizani alikuwa anauliza, "Huyo mwenye madoa, ndiye aliyekula shuka la mama yako?" "Hapana, aliyekula shuka ni mweusi." Zamu yangu ya kuingia ikifika, yeye huko nje ananihubiria ndizi. Nilimwambia ndizi ni chakula cha wagonjwa, akalegeza kamba kwa hasira, nikamkemea, akaikaza. Tulikaa hivyo miaka kumi na mmoja. Nje ya tangi mimi nilirudi kunyamaza. Mke wangu alikuwa akisema, "Maneno yako yote unayamalizia kwenye kile chuma."

Projestus alifia ndani ya tangi, na mwenza wake siku ile nilikuwa mimi. Nawaambia sasa ili msisome mkitegemea muujiza.

Mzee Okelo alikuwa ameshastaafu. Tuliletewa msimamizi mpya, tuliyemwita Injinia kwa sababu alipenda kuitwa hivyo. Alikuja na kipimo cha hewa, kidude kidogo cha njano kinacholia hewa ikiwa mbaya. Sikatai, ni kitu kizuri. Zamani tulikuwa tunateremsha koroboi kwenye tangi la maji, ikizimika hatuingii, na Mzee Okelo alikuwa akionya kwamba mwenye kujaribu koroboi kwenye tangi la mafuta ataonekana tena Ukerewe. Kipimo ni bora mara mia. Lakini Injinia alikuwa anakining'iniza mdomoni mwa tundu. Mdomoni! Pale upepo wa ziwa unaingia wenyewe. Kipimo unakiteremsha kwa uzi mpaka chini, kisha unakwenda nacho chumba kwa chumba, kwa sababu chumba cha kwanza kinaweza kuwa na hewa kama ya baraza na cha tatu kikawa kaburi. Tulimwambia. Akasema mashine haibishani na mtu.

Na kwa kuwa alikuwa na mashine, akaanza kumwona mtu wa tunduni kama mtu aliyekaa bure. Akipita anasema, "Mnakaa hapo kama walinzi wa benki." Kidogo kidogo akawa anatuita: shika hiki, sogeza kile. Na kidogo kidogo tukawa tunakwenda. Hapo ndipo hasira yangu inaponirudia mwenyewe, maana hakuna aliyetufunga kamba akatuvuta. Tulikwenda kwa miguu yetu. Nilikwenda mara ya kwanza, hakuna kilichotokea. Mara ya tano, hakuna kilichotokea. Kitu kisichotokea kinamfundisha mtu ujinga haraka kuliko shule.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya jua kali. Meli ndogo ya mizigo, tangi la nyuma. Projestus alikuwa chumba cha pili, mimi tunduni na kamba. Nilikuwa namweleza dume la baba lililovunja uzio wa mwalimu mkuu. Injinia akaita kutoka kwenye winchi, ile mashine ya waya inayovuta meli.

"Bundala! Njoo utushikie hapa. Dakika mbili."

"Niko tunduni, bosi."

"Kipimo kinasema hewa safi. Umeolewa hapo? Njoo bwana, meli inateleza."

Sheria yetu ilikuwa moja: mwenza akiondoka, wa ndani anatoka kwanza. Kumtoa mtu chumba cha pili ni kazi, anatambaa kinyumenyume, anajikwaruza, analalamika. Injinia alikuwa anapiga makofi ya kuniharakisha. Nikainama tunduni nikasema, "Proje, naitwa. Nakuja."

Akajibu, "Usikawie. Nataka kujua mwalimu alifanyaje."

Sikumwambia toka. Andikeni hilo ukutani badala ya hayo ya familia. Sikumwambia toka.

Winchi haikuwa dakika mbili. Waya ulikuwa umepanda juu ya mwenzake, tukaufungua, tukaukunja upya. Niliporudi niligonga, kimya. Niliita, kimya. Nikashika kamba nikavuta, ikakataa. Baadaye tuliona kwamba alikuwa ameingia chumba cha tatu bila mimi kumfuata kwa kamba, ikalegea, ikajisokota kwenye ubavu wa chuma, kona hasa aliyonifundisha Mzee Okelo. Nikapiga kelele. Nikaita feni. Nikavuta mpaka viganja vikachubuka. Na sikuingia.

Sikuingia, vijana. Watu waliokuja mbio walinikuta nimepiga magoti tunduni nalia nikivuta kamba, na mmoja akasema hapo hapo, "Mwanaume mzima unamtazama mwenzio anakufa?" Feni ilipowekwa na hewa ikasukumwa, aliingia mtu amefungwa kamba, akamkwamua. Projestus alikuwa ameshakufa. Suruali yake ilikuwa bado na mstari wa pasi.

Kwa miaka yote hii watu wamenilaumu kwa jambo lisilo kosa na kunisamehe kosa lenyewe. Wananiambia, "Kuitwa uliitwa na bosi, ungefanyaje? Lakini ungeingia basi, umshike hata mkono." Ni kinyume. Ningeingia mngekuwa na maiti wawili na labda watatu. Kutoingia ndicho kitu pekee nilichofanya sawasawa siku ile. Kuondoka ndiko kulikomuua. Mtu yeyote akiwachanganyia mambo haya mawili, hata awe padri, mkatalieni.

Siku ya pili Injinia alituita ofisini watu wanane tuliokuwa zamu. Karatasi ilikuwa imeshachapwa. Ilisema marehemu aliingia tangini peke yake, bila kumjulisha mwenza wake, kinyume cha utaratibu, na inadhaniwa alikuwa amekunywa. Projestus! Mtu ambaye hata divai ya misa alisema inamchoma. Nilisoma mara mbili kwa sababu nasoma polepole.

Sospeter, Mkerewe, fundi wa rangi, akasaini wa kwanza. Akanisogezea kalamu. "Kaka, aliyekufa amekufa. Hii inakulinda na wewe pia. Unataka kwenda ndani?"

Ni kweli ilikuwa inanilinda. Ilikuwa inamlinda Injinia kwanza, lakini chini ya mwavuli wake nami nilikuwa na nafasi. Kama Projestus aliingia bila kuniambia, basi mimi sikumwacha. Nilikuwa na watoto wanne. Nikasaini. Hakunitishia mtu, hakuninyang'anya mtu kitambulisho. Nilishika kalamu nikaandika jina langu kamili, nikaweka na nukta.

Tulisafiri na jeneza mpaka Muleba kwa gari la karakana na basi dogo. Njia nzima sikula. Kijijini watu walijaa mpaka ndani ya migomba. Injinia alivaa suti, akapewa nafasi ya kusema kwa niaba ya kazini. Akasema tumempoteza mwenza wetu mpendwa. Alilitamka neno lile vizuri sana, kama mtu aliyelizaa. Kisha akasema kwa masikitiko kwamba marehemu, kwa bidii yake iliyopita kiasi, aliingia mwenyewe bila kumwambia mtu, basi liwe funzo kwetu sote kufuata utaratibu. Habari ya pombe aliiacha kwenye karatasi.

Mke wa Projestus, Mama Koku, alikuwa amekaa kwenye mkeka na watoto wake watatu. Koku, binti mkubwa, alikuwa sekondari. Mama yake alikuwa ananifahamu, nimekula kwake mara nyingi zile ndizi ninazozitukana. Hakulia. Aliinua uso akanitafuta katika watu, akaniona, akaniuliza mbele ya wote, kwa sauti ya kawaida tu kama anayeuliza chumvi iko wapi.

"Shemeji Bundala. Ni kweli Projestus aliingia bila kukuambia?"

Sospeter alikuwa amesimama karibu yangu, akanibana kiwiko. Injinia alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana.

Mimi si jasiri. Nataka mjue hivyo, msije mkanichora kama shujaa. Kama angeniuliza pembeni, sijui. Lakini nilimwona yule binti Koku anaangalia chini kwa aibu, anavuta vuta nyuzi za mkeka, kwa sababu mtu wa suti amesema baba yake alikufa kwa kutokujua kazi. Projestus, aliyekuwa akisali kabla ya kila tangi.

"Hapana, shemeji," nikasema. "Hajaingia tangi hata moja bila kuniambia. Kamba alifunga, aliniambia, na tulikuwa tunaongea. Mimi ndiye niliyeondoka tunduni. Yeye hakukosea chochote."

"Kwa nini uliondoka?"

"Niliitwa kushika winchi."

"Nani alikuita?"

Nikamwonyesha kwa mkono mzima. Kule kwetu ni adabu mbaya kumnyooshea mkubwa mkono msibani. Nilimnyooshea.

Kaka zake Projestus walisimama, mzee mmoja akawakalisha. Injinia akaanza kusema kwamba Bundala ana mshtuko, hajalala, hajui asemalo. Mama Koku hakumgeukia. Alikuwa bado ananitazama mimi.

"Sikusamehe," akaniambia. "Leo sikusamehe, na kesho sijui. Lakini watoto wamesikia." Kisha akamshika Koku kidevu, akamwinua uso.

Injinia aliondoka kabla ya chakula. Wenzangu walipanda basi dogo na yeye, na Sospeter alipita mbele yangu bila kuniaga. Mimi nilibaki mpaka matanga yakaisha, nikichota maji na kupasua kuni, maana hakuna aliyeniambia niondoke.

Yaliyofuata niwaambie haraka. Kazi nilifukuzwa. Injinia alihamishiwa kwingine, akaendelea kuitwa Injinia. Hakuna aliyefungwa, hata mimi. Karakana ilikuja kufa kwa sababu nyingine kabisa. Kama mlitaka hadithi ambayo mbaya anaadhibiwa, tafuteni mzee mwingine.

Lakini niliporudi kutoka Muleba, hata nyumbani sikupita. Nilishuka Nyamagana na vumbi la safari, nikaenda kwenye ofisi ya serikali ilikopelekwa ile karatasi yetu. Nilimkuta karani, dada mdogo wa adabu, akaniamkia, akanipa kiti. Nikamwambia nataka kufuta sahihi yangu. Akasema sahihi haifutwi, ila naweza kutoa maelezo mapya. Nikasema haya, akachukua fomu, akawa ananiandikia nikisema. Alipofika katikati akaweka kalamu.

"Baba, hapa unajishtaki mwenyewe. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Na yale ya kwanza uliyosaini?"

"Ni ya uongo. Yaweke yote mawili, atakayesoma aone."

Akaandika mpaka mwisho. Kulikuwa na sehemu imebaki juu, ya uhusiano wangu na marehemu. Hakuniuliza, alijaza mwenyewe: mfanyakazi mwenzake.

"Futa hapo," nikasema.

"Kwani hamkufanya kazi pamoja?"

"Wafanyakazi wenzake tulikuwa wanane, na wote wanane tumemsingizia. Andika mwenza."

"Si ndiyo hiyo hiyo, baba?"

"Siyo hiyo hiyo!" Nilipiga kelele, mimi ambaye sipigi kelele, mpaka watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Dada wa watu akashtuka. Akakata mstari, akaandika juu yake lile neno, halafu akaniuliza kwa upole lina maana gani, aweke maelezo pembeni ili mkubwa wake asije akarudisha fomu.

Nikamwambia aandike: ni mtu aliyepaswa kubaki.